Nesi kaniuliza ajali imetokea wapi, inamhusu nini?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mwezi uliopita mwanangu kaanguka na bodaboda kavunjika mguu, tulipofika spitali nesi badala ya kushughulika na mguu ananiuliza imetokea wapi, saa ngapi, kavaa helmeti au hakuvaa, anaandika kitabuni. Mie nikadhani tunatafutiwa kesi. Sasa sheha katuita kikao, eti watakuwepo watu wa spitali, polisi, walimu wa skuli na madrasa na vijana wa bodaboda, tuzungumzie ajali na udhalilishaji. Ajali si za trafiki, na udhalilishaji si wa polisi? Spitali wanaingiaje hapo?
Mama wa Konde, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu, pole sana, Mungu ampe shifaa kijana. Kikaoni nenda, tena kaa mbele.

Yule nesi kafanya kazi nzuri. Polisi anaijua ajali iliyofika kituoni tu, na sisi tunajijua, kijana akianguka na bodaboda ya jamaa yake nani atakwenda kuripoti? Lakini mguu ukivunjika spitali atafika tu. Kule Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aliliona hilo, watu wengi waliokuja kushonwa baada ya kupigwa, polisi hawakuwa na habari nao kabisa. Basi spitali ikawa inaandika pahala, saa na silaha, jina la mgonjwa halitoki, taarifa zinakwenda kwa polisi na manispaa nao wanajua doria waipeleke wapi. Utafiti uliotoka 2011 ulionesha waliolazwa kwa kupigwa walipungua asilimia 42 ukilinganisha na miji mingine inayofanana nao.

Sasa lete Konde. Kitabu cha spitali kikionesha majeruhi wengi wanatoka kona moja, au msimu wa karafuu wanaletwa watoto walioanguka mikarafuuni, daktari peke yake hawezi kitu, atafunga mguu basi. Sheha ndo anajua shamba la nani, mwalimu anajua nani hakuja skuli kwa ajili ya kuchuma. Na hao vijana wa bodaboda waulizeni helmeti ya abiria iko wapi, maana ya dereva mara nyengine ipo, ya abiria hamna, na helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 40 hivi.

Kwenye udhalilishaji ndo nataka unisikilize zaidi, kwa sababu huko tunauliwa na muhali. Anayemharibu mtoto mara nyingi ni mtu wa karibu, ami, jirani, mwalimu, basi wazee wanakaa wanayamaliza wenyewe na mtoto anabaki na maumivu yake. Mwaka 2009 serikali, UNICEF, CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti maradhi) na chuo kikuu cha Muhimbili walifanya utafiti Bara na Zanzibar, wakawauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na kwa Zanzibar asilimia 6 ya wasichana na 9 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimia miaka 18. Wavulana ndo wengi zaidi, dada yangu, na sisi tunawachunga wasichana tu! Kesi za polisi peke yake zisingetuonesha hilo.

Ndo maana pakawekwa vituo vya Mkono kwa Mkono, Chake Chake kipo, daktari, polisi na mshauri wako pahala pamoja mama asizungushwe. Likitokea, usimkoshe mtoto, nguo usifue, mpeleke siku hiyohiyo, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Namba 116 ya kusaidia watoto unapiga bure.

Kikaoni uliza mawili: taarifa za spitali zitamfikia nani na kila baada ya muda gani, na majina ya wagonjwa yatalindwa vipi. Wakikujibu juu juu, uliza tena mbele ya sheha.