Jibu: Manali hadi Leh kwa pikipiki, mlale wapi?

Salaam mkuu. Umeuliza kundi lenu la pikipiki sita lilale Jispa au Sarchu mkitoka Manali kwenda Leh, kwenye milima ya Himalaya huko India. Laleni Jispa, tafadhali. Ipo kama mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Sarchu imepita 4,200. Sisi tulilala Sarchu, usiku mwenzetu akatapika, kichwa kikamgonga, hata kufunga kamba za viatu akashindwa. Palipopambazuka tu tukamshusha kwa gari. Huo ni ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu milimani. Mwenye dalili hizo msimpandishe zaidi, hata akibembeleza.

Halafu ondokeni alfajiri. Mchana theluji huyeyuka na vijito vinavyokatiza barabara hujaa. Kimoja kilitufika magotini. Vukeni mmojammoja, gia ya kwanza, wawili wakiwa wamesimama majini tayari kudaka pikipiki.