Kuhama Shule Ughaibuni: Tarehe Moja Iliyonigharimu Baht 5,500

Nilipoacha kufundisha katika shule yangu ya kwanza Thailand nilidhani nimejipanga vizuri. Shule mpya nilishaipata, mshahara ulikuwa umepanda, chumba karibu na kazi mpya nilishakilipia. Nikaenda ofisi ya uhamiaji na bahasha ya karatasi zangu, nikijua mkataba wangu unaisha tarehe 31 Machi. Ofisa akaitoa barua ya shule ya zamani, akaisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kisha akanigeuzia karatasi nione. Shule iliandika kwamba ajira yangu ilikoma tarehe 15. Siku hiyo ilikuwa tarehe 26. Siku 11 nimeishi nchini bila ruhusa, na faini ni baht 500 kwa siku.

Ile barua nilikuwa nayo kwenye mkoba wiki nzima. Sikuisoma kwa sababu ilikuwa ya Kithai, na barua za kiserikali kule mara nyingi hata tarakimu zake ni za Kithai: 15 haiandikwi 15. Mwaka nao ni wa kalenda ya Kibudha, unaoitangulia yetu kwa miaka 543. Ningempa mwenzangu yeyote wa chumba cha walimu anisomee mstari mmoja tu, baht 5,500 zingebaki mfukoni.

Kilichonichanganya ni mhuri. Pasipoti yangu ilionyesha ruhusa ya kukaa hadi mwishoni mwa Mei, nami nikaamini tarehe hiyo ni yangu. Si yangu, ni ya shule. Mwalimu huingia Thailand na viza ya Non-B, ile ya wanaokwenda kufanya kazi, anapewa siku 90, halafu shule inamwombea nyongeza ya mpaka mwaka mmoja. Nyongeza hiyo imeegemea ajira katika shule ile ile. Ajira ikikoma leo, ruhusa nayo imekoma leo, hata kama mhuri unaonyesha miezi mbele. Kibali cha kazi ni vilevile: kina jina la mwajiri na mahali pa kazi. Ukienda kufundisha Jumamosi kwenye kituo cha jirani kwa malipo ya mkononi, umeshavunja sheria, na hapo nawajua wengi wanaoguna.

Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiiandike kwa hasira ya Ijumaa jioni. Kwanza iulize shule mpya: karatasi zangu za uhamiaji zitakuwa tayari lini? Usiulize kama wanakuhitaji, wala usiridhike na "usijali, tutashughulikia". Uliza tarehe. Kisha rudi kwa shule ya zamani, mkubaliane siku ya mwisho ya ajira, na siku hiyo iandikwe. Ukifanikiwa kuzishonanisha tarehe hizo mbili, unaweza kwenda uhamiaji na karatasi za pande zote, ruhusa ya zamani ikafutwa na maombi mapya yakapokelewa bila wewe kutoka nchini. Ofisi za mikoa hazifanani katika hili, basi ulizia ile utakayokwenda, usiulizie ya rafiki yako.

Zisiposhonana, kuna siku 7 unazoweza kuomba kwa baht 1,900. Siku hizo ni za kufunga mizigo zaidi kuliko za kutafuta kazi. Baada ya hapo ni kuvuka mpaka na kuomba Non-B mpya ukiwa nje. Walimu wengi tulikuwa tukienda Vientiane, mji mkuu wa Laos: gari moshi la usiku mpaka Nong Khai, asubuhi unavuka daraja kuingia Laos, halafu foleni. Siku hizi maombi yanafanywa mtandaoni, lakini bado unatakiwa uwe nje ya Thailand unapoyatuma. Weka akiba ya nauli, malazi na wiki kadhaa bila mshahara.

Jambo ambalo halisemwi sana ni Aprili. Mwaka wa shule unaanza katikati ya Mei na kuishia Machi. Shule nyingi za binafsi hupenda mikataba ya miezi 10 au 11 ili zisilipe likizo ndefu. Ukitoka kwenye mkataba unaoisha Machi ukaingia ule unaoanza Mei, umejichimbia shimo la wiki sita ambamo huna mwajiri wala ruhusa ya kukaa. Mimi sasa sisaini kabla ya kujadili hilo. Ama shule ya zamani inifikishe mwisho wa Aprili, ama mpya inianzishe tarehe 1 Aprili, hata kama mshahara wa mwezi huo ni nusu. Nusu mshahara yenye ruhusa naipokea kwa mikono miwili.

Usisahau ruhusa ya kufundisha. Asiye na leseni ya ualimu huombewa na shule ruhusa ya muda kutoka Khurusapha, baraza la walimu la Thailand, nayo ni ya miaka miwili. Iulize shule mpya nani ataifuatilia, na uondoke na nakala ya kila karatasi iliyowahi kutumwa kwa jina lako.

Wanaofikiria nchi nyingine wasidhani mambo ni yale yale. Japani hawakuambii ufungashe siku hiyo hiyo, lakini unatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 14 tangu uache kazi, na ukikaa miezi mitatu bila shughuli uliyopewa ruhusa kwayo bila sababu ya msingi, wanaweza kukufutia hadhi yako ya ukaazi. Tena hadhi ya mwalimu wa shule ya serikali si ile ya mwalimu wa kampuni ya lugha. Ukihama huku kwenda kule unabadilisha. Marekani, mwenye H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, akiacha kazi hupewa hadi siku 60, au mpaka muda wake wa kukaa uishe, lipi litangulie. China ndiko pagumu kwa namna yake: shule mpya inahitaji barua ya kuachiliwa na cheti cha kufutwa kwa kibali cha zamani, na vyote vinatoka kwa bosi unayemkimbia. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Muage vizuri, sahihisha mitihani yote, rudisha funguo, na barua yako uidai kabla ya sherehe ya kuagana, sio baada.

Nilirudi kwa shule ya zamani kuuliza kuhusu ile tarehe 15. Karani wa ofisi alinieleza kwa upole kwamba mitihani iliisha siku hiyo, kwa hiyo wao walihesabu kazi imeisha. Hakuwa na nia mbaya, na barua mpya hakuwa na mamlaka ya kuiandika. Faini nilikuwa nimeshalipa. Risiti ninayo mpaka leo, imebanwa ndani ya pasipoti ya zamani, ukurasa ule ule wenye mhuri wa Mei.