Maswali yenu: Wanawake, Wamarekani Weusi na Vita Kuu ya Pili

Barua za mwezi huu nyingi zimeuliza kuhusu Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nimechagua saba.

Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba vita viliwakomboa wanawake wa Marekani. Nikiandika hivyo kwenye mtihani nitapata? (Kidato cha sita, Tabora)

Marahaba. Utakuwa umekariri, hujajibu. Swali hili hunijia kila msimu wa mitihani, na kila mara nasema lilelile: vita havikumkomboa mtu. Viliwatoa wanaume viwandani, na mashine zikabaki bila wa kuziendesha. Wanawake wenye ajira walikuwa kama milioni 12 mwaka 1940. Kufikia 1944 walikuwa wamepita milioni 18. Mwenye kiwanda aliwafungulia mlango kwa sababu alikuwa na shida ya watu.

Mwishoni mwa 1942, bodi ya serikali iliyosimamia mishahara ya wakati wa vita iliruhusu waajiri kuwalipa wanawake sawasawa na wanaume kwa kazi ileile. Lisome vizuri neno hilo: iliruhusu, haikulazimisha. Waajiri wengi waliibadilisha kazi jina, wakaiita nyepesi, wakalipa pungufu. Vita vilipokwisha, wanawake walikuwa wa kwanza kuachishwa. Tena usiandike "wanawake" kana kwamba wote walikuwa hali moja. Wanawake Weusi hawakuanza kufanya kazi mwaka 1941. Walikuwapo siku zote, jikoni na kwenye madobi ya wazungu, na kwao kupata kazi ya kiwandani kulimaanisha kutoka huko. Ukiyaandika hayo, msahihishaji ataona umefikiri.

Yule mama wa kitambaa chekundu anayekunja mkono kuonyesha msuli, si ndiye aliyewahamasisha wanawake wote waende viwandani?

Hapana. Bango lile lilikuwa la kampuni ya Westinghouse, likabandikwa ndani ya viwanda vyake kwa wiki mbili hivi mwezi Februari 1943. Limepata umaarufu miaka ya 1980. Tafadhali acheni kunitumia picha hiyo.

Rais Roosevelt si alipiga marufuku ubaguzi mwaka 1941? Mbona bado mnalalamika? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, uliza kwanza kwa nini alipiga marufuku. A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, alitangaza kwamba Julai 1, 1941 Wamarekani Weusi kwa maelfu wangeandamana mjini Washington, kwa sababu viwanda vya silaha vilikuwa vikiwafukuza getini. Ikulu ilimsihi aache, akakataa. Tarehe 25 Juni Roosevelt akatia saini Amri namba 8802, na maandamano yakaahirishwa. Amri ile ilitolewa kwa kushinikizwa, na anayemsifu Roosevelt bila kumtaja Randolph anawadhulumu waliofanya kazi.

Sasa tazama ilivyotekelezwa. Ilihusu viwanda vya vita na ofisi za serikali. Jeshi lenyewe liliendelea kutenga askari kwa rangi. Kamati iliyoundwa kuisimamia haikuwa na meno. Juni 1943, kiwanda cha Packard mjini Detroit, kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege za kivita, kiliwapandisha kazi Weusi watatu. Wafanyakazi wazungu wapatao 25,000 wakagoma. Watatu tu! Mwezi huohuo ghasia za rangi zikaua watu 34 mjini humo, 25 kati yao Weusi. Agosti 1944, madereva wa tramu wa Philadelphia waligoma kwa sababu Weusi wanane walikuwa wakifunzwa udereva, hadi jeshi likaingia mjini. Kamati yenyewe ilikufa 1946, na amri ya kuondoa ubaguzi jeshini ikaja 1948 chini ya Rais Truman. Mkiambiwa kwamba sheria imepita, ulizeni nani ataisimamia, na kwa bajeti ipi.

Wanawake Weusi jeshini walifanya nini, au walipika tu?

"Tu" hiyo iondoe. Februari 1945 Kikosi cha Posta cha 6888, wanawake 855 wengi wao Weusi, chini ya Meja Charity Adams, kilipelekwa Birmingham, Uingereza. Walikuta maghala yamejaa barua za askari, panya wamekwisha kutafuna vifurushi vya keki. Walipewa miezi sita. Walifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana, kila zamu barua kama 65,000, wakamaliza kwa miezi mitatu. Bunge la Marekani liliwapa Nishani ya Dhahabu mwaka 2022, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki. Inaniuma kila nikiisoma tarehe hiyo.

Kwa nini waliofungwa ni wenye asili ya Japani, na si Wajerumani?

Wajerumani na Waitaliano maelfu kadhaa walizuiliwa, lakini mmoja mmoja. Wenye asili ya Japani wa pwani ya magharibi walisombwa kwa ukoo, bibi hadi mtoto mchanga: watu kama 120,000, thuluthi mbili yao raia, kwa Amri 9066 ya Februari 1942. Lakini Hawaii, ambako ndiko mabomu ya Japani yalikoanguka, hawakusombwa hivyo. Kule walikuwa zaidi ya thuluthi ya wakazi. Bila wao kazi zingesimama. California wakulima wazungu waliona wapinzani wao wa biashara wanaondolewa, wakashangilia. Fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai iliidhinishwa 1988.

Mama akiwa kiwandani, watoto walibaki na nani? (Mama wa watoto wawili, Kinondoni)

Asante, mama. Hili ndilo swali ambalo wanaume hawaniulizi. Serikali ilitoa fedha za vituo vya kulelea watoto, na mama alichangia kama senti 50 kwa siku. Kwenye viwanda vya meli vya kampuni ya Kaiser, mjini Portland, vituo vilikuwa wazi usiku na mchana, na mama aliweza kununua chakula kilichopikwa akaenda nacho nyumbani. Fedha za serikali zilikatwa mwanzoni mwa 1946, na vingi vikafungwa. Wale akina mama hawakuacha kuzaa, wala wengi hawakuacha kuhitaji mshahara.

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, huko Burma. Hilo linahusiana vipi na Wamarekani Weusi?

Linahusiana sana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944. Kaskazini ya hapo Wamarekani walikuwa wakijenga barabara ya Ledo, ya kutoka India kuelekea China, na zaidi ya nusu ya askari wao wapatao 15,000 wa kazi hiyo walikuwa Weusi, wakiongozwa na maofisa wazungu, kama babu yako. Naye alilipwa kwa kiwango cha Mwafrika. Kama bibi yako yu hai, mrekodi wikiendi hii: alilimaje, alilipa kodi kwa nini, na ile fedha ya askari ilifika au haikufika.