Maswali yenu: Injinia Marekani, pesa za mahamri

SWALI: Dada shikamoo. Mimi niko Kilifi, KCSE nimepata A ya pointi 82 na nataka kusomea injinia ya umeme Marekani. Baba hatunaye, mama anauza mahamri na mbaazi asubuhi hapa nje kwetu. Mwalimu ameniambia niombe vyuo vikubwa vingi, kimoja hakitakosa kunichukua. Nikaangalia bei, kingine zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, nikazima simu nikalala. Nianzie wapi? Na ile fomu ya pesa, mapato ya mama niandike nini na payslipu hana?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, pointi 82 si mchezo. Mwalimu wako ana nia njema lakini hapo kwa vyuo vikubwa vingi mimi sikubaliani naye. Wewe usiangalie jina, angalia chuo kinamfanyia nini mgeni asiye na pesa, manake hapo ndo vinapoachana. Georgia Tech na Berkeley kwa injinia wanatisha, lakini ni vyuo vya serikali na mwanafunzi wa digrii ya kwanza kutoka nje hawampi msaada kwa sababu ya hali ya kwao, kwa hiyo hata wakikuchukua utabaki na barua nzuri ya kubandika ukutani. MIT, Princeton, Harvard, Yale, Dartmouth, Brown na Notre Dame wao wakati wa kukuchagua hawaangalii mfuko wako hata wewe mgeni, alafu wakikuchukua wanajaza pengo lote. Kuingia sasa ndo kazi, wanaotaka ni dunia nzima.

Kuna kundi la tatu, Stanford, Cornell, Columbia, Duke, hawa ukiomba msaada wanaliweka hilo kwenye mizani wakati wanakuchagua, ila wakishakuchukua wanakulipia kinachopungua. Hapo kuna watoto wanaambiwa eti usitiki kisanduku cha msaada upate kuingia kwanza, pesa utaomba ukifika. Usithubutu! Stanford kwa mfano, mgeni ambaye hakuomba msaada wakati wa kuomba nafasi hawezi kuomba tena miaka yote minne. Na usidharau vyuo vidogo, Swarthmore na Lafayette vyote viko Pennsylvania, vina injinia, na mgeni wakimchukua wanamwangalia vizuri. Wasichana mnaosoma hapa, Smith ni chuo cha wanawake na injinia ipo.

Sasa fomu. FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, achana nayo, hiyo ni ya wenyeji wa kule, yako mara nyingi ni CSS Profile, fomu ya mtandaoni ambayo vyuo vinaitumia kujua hali ya pesa ya kwenu. Ina ada, kwa hiyo kabla hujalipa waandikie ofisi ya msaada ya chuo uwaulize kama wanaweza kukusamehe, barua ya mistari minne inatosha, usilie sana.

Kwa mapato ya mama ndo wengi wanaumia, ngoja tukae hapo. Mkalishe mama jioni akishaosha karai, chukua daftari. Tuseme anauza mahamri 120 kwa siku, shilingi kumikumi, hiyo 1,200. Ukichukua 1,200 ukazidisha kwa siku 365 unapata 438,000, na wewe unaandika hiyo kwenye kisanduku cha mapato, kumbe hayo ni mauzo! Toa unga, toa nazi, sukari, iliki, mafuta, makaa, tuseme vyote 750, inabaki 450. Na haiuzwi kila siku, kuna siku mvua, kuna siku mgongo umemkatalia, weka siku 26 kwa mwezi, ni 11,700, kwa mwaka 140,400. Unaona? Kwa kosa la hesabu tu ungewaonyesha mama yako ni tajiri mara tatu ya alivyo. Mbaazi zihesabu hivyohivyo, na Ramadhani ihesabu peke yake manake asubuhi hakuna biashara lakini jioni foleni. Usiandike sifuri pia, mtu atajiuliza nyinyi mnakula nini. Andika kwa shilingi ya Kenya, fomu itakuuliza pesa ya nchi yako, alafu pale mwisho kwenye nafasi ya maelezo waelezee hiyo hesabu kama nilivyokuelezea, wenyewe hawajui mahamri ni nini. Statement ya M-Pesa ya mama na barua ya chifu weka tayari, wakihitaji ushahidi unawapa.

SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, usiukimbie, MIT waliurudisha kuwa lazima tangu 2022. Na waulizie KenSAP mapema, ni mradi wa hapa Kenya unaosaidia watoto wa KCSE kama wewe kuomba vyuo vya nje.

SWALI: Binti yangu amepata chuo cha injinia, wamempa dola 20,000 kwa mwaka, zilizobaki ni 45,000. Ukoo unataka kufanya harambee. Wasemaje?

JIBU: Mzazi wangu, mwaka wa kwanza mnaweza kuchanga, Wakenya kwa harambee hatushindwi. Chuo kikishaona pesa ya mwaka mmoja kitampa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, atalipa dola 350 za SEVIS, yaani ada ya kusajiliwa kwa serikali ya Marekani kama mwanafunzi mgeni, na ada ya viza, ataenda. Mwaka wa pili je? Mimi nilisoma na kijana aliyekuja kwa harambee hivyohivyo, mwaka wa pili simu za wajomba hazikushikwa tena, akarudi nyumbani na nusu ya masomo, na yale masomo vyuo vya hapa vikamtaka aanze upya. Kazi za chuoni wakati wa masomo ni saa 20 kwa wiki, hiyo ni ya sabuni na chakula, karo haigusi. Andikieni chuo kuomba waongeze, watumieni hesabu yenu halisi. Wakikataa, binti asome injinia hapa Kenya apate gredi nzuri kisha aombe PhD kule, manake PhD za injinia Marekani kwa kawaida chuo kinakulipia karo na posho juu, unafanya utafiti au unafundisha. Masta ndo mara nyingi hulipiwi, msichanganye.

SWALI: Kuna wakala hapa Mombasa anataka shilingi 60,000 anasema ana nafasi mbili za MIT, moja ampe kijana wangu. Nimpe?

JIBU: Hapana. Nafasi za MIT haziuzwi, si Mombasa si Marekani kwenyewe. Umeshampa cheti cha kijana? Kachukue leo.