Mashine ya barabarani imesema binti yangu amekonda

Vipi shangazi? Binti yangu ana miaka 12, yuko gredi ya saba. Juzi tukiwa tauni alipanda ile mashine ya kando ya barabara, kijikaratasi kikatoka: urefu 1.50, kilo 39, BMI 17.3, uzito pungufu. Majirani nao wanasema simlishi. Nimenunua dawa ya hamu ya kula kwa kemist. Nimpe?
Mama wa Umoja

Usimpe, mama. Baadhi ya hizo dawa za kunenepesha huwa na steroidi, ambazo huvimbisha uso na zinaweza kudumaza mtoto.

Sasa lete hicho kijikaratasi. Hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni sawa: chukua 1.50 mara 1.50, kisha gawanya kilo 39 kwa jibu utakalopata. Kosa ni hilo neno "pungufu". Mashine imemsoma mwanao kama mtu mzima, ambaye akiwa chini ya 18.5 huambiwa amekonda. Kuanzia miaka 5 hadi 19, mtoto hulinganishwa na wa umri na jinsia yake. Kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani la 2007, msichana wa katikati akitimiza miaka 12 ana 18.0, na wembamba wa kutia wasiwasi ni chini ya 14.4. Wako yumo kabisa. Unaikumbuka ile michoro ya kijitabu cha kliniki alipokuwa mdogo? Mambo ni yale yale.

Halafu, alivua viatu? Nywele je, zilikuwa zimefungwa juu? Ukitoa sentimita 3 za soli na nywele, anabaki na 1.47, na BMI inapanda hadi 18.0 bila kuongeza hata gramu moja. (Mwenye mashine huwa hajali, foleni inamsubiri.)

Umri huu wasichana hurefuka kwa kasi kabla ya hedhi ya kwanza, kisha nyonga hujaa. Mwakani majirani hao hao watakwambia amenona.

Mpeleke kliniki ukiona kilo zinashuka, mwaka unaisha hajarefuka, au anachoka ovyo. Vinginevyo ni maharagwe, omena, mayai, mboga na chungwa, na chai ingoje kidogo baada ya chakula kwa sababu huzuia madini ya chuma.

Nina swali: yeye mwenyewe alikisoma hicho kijikaratasi? Kama alikisoma, mwambie leo kabla hajalala kwamba mashine ilidhani ni mama mtu.