Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Gari, Nyumbani au kwa Fundi?

SWALI: Gari langu limetimiza miaka 15. Rangi ya boneti na ya paa imepauka na kuanza kubambuka, mlango wa nyuma una mkwaruzo mrefu, na chini ya mlango wa dereva kutu imeanza kuchomoza. Fundi wa gereji ya bodi amenitajia gharama inayokaribia robo ya thamani ya gari lenyewe. Kaka yangu ananishauri ninunue kompresa ndogo na bunduki ya rangi, kisha niifanye kazi mwenyewe uani. Je, inawezekana, au nitajiongezea hasara?

JIBU: Inawezekana, lakini si kazi yote, na sehemu isiyofaa kufanyiwa uani si ile ambayo wengi huidhania. Watu huogopa kushika bunduki, ilhali mkono hufundishika kwa kujaribia kwenye bati bovu. Kinachomshinda mtu wa nyumbani ni hewa: ile inayopuliza rangi, na ile anayoivuta yeye mwenyewe.

Tuanze na unachokiweza. Ubora wa rangi huamuliwa kabla kopo halijafunguliwa, na maandalizi hayahitaji mtambo wowote wa ajabu. Gari lioshwe kwa sabuni, kisha mafuta na nta vifutwe kwa dawa yake kabla msasa haujagusa kitu, kwa sababu msasa huisukuma nta ndani ya mikwaruzo badala ya kuiondoa. Kutu isuguliwe mpaka bati jeupe lionekane. Ikifunikwa kwa puti, ule ujiuji wa kuzibia mabonde, itaendelea kula chini kwa chini, na baada ya muda rangi itavimba palepale. Bati lililo wazi lipakwe praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe. Puti husawazishwa kwa msasa namba 80, kisha 180, na praima ya juu yake humaliziwa kwa msasa wa maji namba 600 hadi 800. Ukidhani umemaliza, funga macho upitishe kiganja taratibu juu ya sehemu hiyo: kiganja hugundua bonde ambalo jicho halikuliona, na bonde hilo, rangi ikishang'aa, litaonekana na kila mpita njia.

Kusugua huku ndiko kunakokula saa nyingi za fundi, na saa hizo ndizo unazolipia. Hivyo, ukimpelekea gari lililokwisha kusuguliwa, una hoja ya kuomba punguzo. Zungumza naye mapema, hata hivyo, kwa kuwa mafundi wengine hukataa kupiga rangi juu ya maandalizi ya mtu mwingine, na hawana kosa: rangi ikibanduka, lawama itakuwa yao.

Sasa hewa. Bunduki ya rangi hutaka hewa nyingi mfululizo, na kompresa ndogo huishiwa ukiwa katikati ya boneti. Shinikizo likishuka, rangi hutoka kwa matone makubwa na kukauka ikiwa na vinundu kama ganda la chungwa. Hewa iliyobanwa hutoa maji, na maji hayo hupita kwenye mpira mpaka kwenye rangi usipoweka kichujio. Chembe ya silikoni, pengine kutoka kwenye dawa ya kung'arishia matairi, hufanya rangi ijitenge na kuacha vishimo ambavyo kuongeza rangi juu yake hakuvizibi. Itabidi usugue na kuanza upya. Bado sijataja vumbi na wadudu. Gereji nzuri ina chumba maalumu ambamo hewa huchujwa kabla ya kuingia, na joto linaweza kupandishwa hadi nyuzi 60 hivi kwa muda wa nusu saa ili rangi ikomae.

Jambo linalonifanya nikukataze waziwazi ni kliya ya sehemu mbili, yaani tabaka angavu la juu ya rangi, ile inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha. Hadena nyingi za aina hiyo zina isosianeti, kemikali inayosababisha pumu kwa wanaoivuta, na mwili ukishaanza kuikataa, kiasi kidogo tu hutosha kuamsha shambulio. Barakoa ya vumbi haiizuii, na kwa kuwa hainusiki kwa urahisi, huwezi kujua kichujio chako kimechoka. Ndiyo maana mafundi makini huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023, unataka wanaozitumia kikazi wapate mafunzo kwanza. Uani kuna watoto, jirani, na gari la jirani.

Kwa gari lako, basi, ningegawa kazi. Mkwaruzo wa mlango upimwe kwa ukucha: usipokwama, jaribu polishi, lakini kwa kiasi, kwani tabaka la kliya la kiwandani kwa kawaida halizidi sana maikromita 50. Kutu ya chini ya mlango ishughulikie mwenyewe, na praima ipake kwa brashi. Boneti na paa vipeleke kwa fundi, maana kliya iliyobambuka hairudishwi kwa polishi yoyote. Kama rangi yako ni ya metaliki, sababu ya kwenda kwake inaongezeka: vipande vya alumini vilivyomo hulala kulingana na mwendo wa bunduki, na namba ya rangi pekee haitoshi kulinganisha na rangi iliyopigwa jua kwa miaka. Muulize pia kama atang'oa mipira na vioo vya pembeni au atavizungushia karatasi tu, kwa sababu rangi huanza kubanduka kwenye kingo hizo.

SWALI: Nilipiga bampa ya plastiki kwa sprei ya kopo, na sasa rangi inatoka vipande vipande. Nimekosea wapi?

JIBU: Yaelekea uliruka praima ya plastiki, ambayo ndiyo inayoifanya rangi ishike. Ondoa yote iliyolegea, sugua, safisha mafuta, kisha uanze na praima hiyo. Kumbuka kwamba sprei nyingi za kopo zisizo na hadena hulainishwa na petroli, kwa hiyo usizitumie karibu na mfuniko wa tangi. Bampa hufunguka kwa urahisi. Waweza kuipeleka peke yake gereji huku gari likibaki nyumbani.