Jibu kwa mama wa Kadutu: rimatizimu, lavema na vijidudu vya tumboni

Mama, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyokuja chini yake. Kwa wanaoingia sasa hivi: mama mkwe wake amevimba vidole vya mikono yote miwili, asubuhi hawezi kujifunga kitenge mpaka jua lipande, kipimo cha anti-CCP (kinachotafuta kwenye damu kingamwili za rimatizimu, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo) kimetoka chanya, na munganga, yaani daktari wa hospitali, ameandika metotreksati, dawa ya kutuliza kinga, pamoja na prednizoloni kidogo ya kushusha uvimbe. Jirani anasema ugonjwa huo unatoka tumboni, kwa hiyo apigwe lavema (maji ya kusafisha tumbo yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) kila wiki na ameze antibiotiki ya "kumaliza vijidudu vyote". Munganga alipoambiwa hayo alicheka. Swali: nani asikilizwe?

Munganga asikilizwe, ila kucheka hakukuwa na haja. Jirani ameshika ncha ya jambo la kweli, akalivutia pabaya.

Mimi ni laborantini, mpimaji wa maabara, hapa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Siku zangu zinapita kati ya darubini na vikopo vya kinyesi. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayekaa Bagira ana ugonjwa huo huo wa mama mkwe wako, kwa hiyo naujua kwenye karatasi ya matokeo na naujua nyumbani, mtu mzima anapokuomba umfungulie chupa ya maji.

Nianzie labo. Mvua zikikolea, kuhara damu kunaongezeka, na wengi wanapona bila shida. Lakini mara kwa mara anarudi mtu wiki mbili tatu baada ya tumbo kutulia, goti limejaa kama limepigwa, wakati mwingine na jicho jekundu juu yake. Munganga anavuta maji ya goti, tunayaotesha, hakuna kinachoota. Bakteria walikuwa kwenye utumbo, moto unawaka kwenye goti, na gotini kwenyewe hakuna bakteria hai wa kumshika. Wanaojulikana kwa mchezo huu ni Shigella, Salmonella, Yersinia na Campylobacter. Vitabu vya Ulaya vinasema wengi wanaopata hali hii wanabeba jeni la HLA-B27. Kwa watu wa kusini mwa Sahara jeni hilo ni nadra sana, kwa hiyo hapa kwetu kipimo hicho kikitoka hasi hakimwondolei mtu ugonjwa.

Campylobacter ana jingine baya zaidi. Baadhi ya aina zake zimevaa sukari zinazofanana na zile zilizo juu ya mishipa yetu ya fahamu. Mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya bakteria, kisha kingamwili zile zile zinakwenda kushambulia mishipa: miguu inalegea, udhaifu unapanda kuelekea juu, na wengine wanafika kwenye mashine ya kupumulia. Ndiyo Guillain-Barré. Tumbo lilishapona, mwenyewe hata amesahau kwamba aliwahi kuhara.

Kwa hiyo anayesema kwamba cha tumboni hakiwezi kufika kwenye viungo, amekosea. Ila ugonjwa wa mama mkwe wako ni mwingine. Kwenye rimatizimu ya anti-CCP hakuna bakteria mmoja aliyekamatwa na kuthibitishwa kuwa ndiye chanzo. Kingamwili zenyewe zinaweza kuwa kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole cha kwanza hakijavimba, na watafiti wengi wanadhani zinaanzia kwenye ngozi laini za ndani: fizi, mapafu, utumbo. Moshi wa sigara ni mshitakiwa wa muda mrefu.

Sasa twende utumboni. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, imefunikwa na ute. Upande mmoja wa ukuta huo kuna bakteria wapatao trilioni 38 kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2016, karibu wote kwenye utumbo mpana. Upande wa pili zimejipanga seli za kinga kwa wingi. Zinaonja kinachopita, zinamwaga kingamwili za IgA kwenye ute, na kila siku zinaamua nani aachwe na nani apigwe. Maamuzi hayo hayabaki tumboni, maana seli hizo zinasafiri kwenye damu.

Jaribio lililonifungua macho ni la mwaka 2009, kutoka maabara ya Dan Littman kule New York. Walichukua panya ambao utumbo wao ulikuwa na seli chache sana za kundi linaloitwa Th17, hizi za kuchochea uvimbe, wakawapa aina moja tu ya bakteria, mrefu kama uzi, anayejishikiza kwenye ukuta wa utumbo mdogo. Th17 zikajaa. Mwaka uliofuata kundi la Diane Mathis na Christophe Benoist, Boston, likachukua panya wenye asili ya kuugua viungo lakini waliokuwa wanalelewa bila bakteria wowote. Hao walikuwa wanaugua kidogo tu. Walipowekewa bakteria yule wa uzi, viungo vikavimba upesi. Bakteria hakutoka utumboni hata kidogo. Kazi ya mbali ilifanywa na seli alizoziamsha.

Kuna na upande wa kutuliza. Seli T za udhibiti ndizo bashamuka, wazee wa mtaa: vijana wakianza kuokota mawe, wao wanatoka nje na kuwaambia warudi nyumbani. Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha mwaka 1995, na mwaka 2025 akapewa Nobeli pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliotambua jeni linaloziendesha. Na bakteria wanahusika hapa pia. Wale wanaochachua makapi ya chakula chetu, yaani majani, maharage, viazi, wanatoa asidi iitwayo butireti, na mwaka 2013 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwa panya kwamba asidi za aina hiyo zinaongeza seli za udhibiti kwenye utumbo mpana. Ukiwaua bakteria wote, umewaua na hao.

Kuna mtu hapo juu ameweka picha ya makala inayosema Prevotella copri ndiye "bakteria wa rimatizimu". Tusome polepole. Utafiti huo ni wa mwaka 2013, wa New York, kwa wagonjwa wapya ambao hawajaanza dawa, na kweli wengi wao walikuwa na Prevotella copri kwa wingi kuliko wazima. Lakini mwaka 2010 Waitaliano walilinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na watoto wa Florence: wa Burkina, wanaokula mtama na mboga, walijaa Prevotella, na walikuwa wazima. Mwaka 2019 ikaonekana kwamba jina hilo moja linaficha makundi manne tofauti, na kwamba watu wasioishi kwa vyakula vya viwandani mara nyingi wanayabeba kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo mtu wa Walungu, huku kwetu Kivu, anayekula bugali na maharage tangu utoto akipimwa na kukutwa na Prevotella, mimi nitamwambia hongera kwa maharage. Kuchukua matokeo ya New York na kumhukumu nayo mtu wa Kivu ni uvivu, na naona unaenea.

Lavema. Najua hapa kwetu ni desturi, hata mtoto mchanga hasalimiki nayo. Maji yale yanafika sehemu ya chini ya utumbo mpana tu. Utumbo mdogo, ambako panya wale walipandishiwa Th17, hauguswi. Kinachoguswa ni ute, na wengine wanatia tangawizi na pilipili humo. Kwa mama mzee anayemeza prednizoloni, utumbo unaweza kutoboka kirahisi zaidi. Msimfanyie hivyo.

Antibiotiki bila sababu ni mbaya vilevile, na kwa wagonjwa hawa kuna sababu ya ziada ambayo wengi hawaijui. Yaya wangu anameza sulfasalazini, dawa nyingine ya rimatizimu. Dawa hiyo ilibuniwa Sweden na Nanna Svartz, munganga wa Stockholm aliyeamini kwamba rimatizimu inatokana na bakteria, akaunganisha salfa ya kuua bakteria na dawa ya jamii ya aspirini kwenye kidonge kimoja. Kidonge kinafika utumbo mpana sehemu kubwa ikiwa bado haijakatwa, na wanaokikata vipande viwili ili kifanye kazi ni bakteria wa utumbo wenyewe. Mwaka 1972 panya wasio na bakteria walipopewa dawa hiyo, ilitoka bila kukatwa. Kwa hiyo kama munganga ataongeza sulfasalazini siku moja, kumbuka inawategemea hao hao ambao jirani anataka wamalizwe. Maambukizi ya kweli yakija, antibiotiki zimezwe, hakuna ubishi. Nazungumzia zile za kununua farmasi kwa sababu tumbo "linanguruma".

Kama mnataka kweli kushughulikia tumbo la mama mkwe, basi hili ndilo langu: kabla prednizoloni haijawa ya miezi, atafutwe angwilule, yaani Strongyloides. Huyu mnyoo anaingia kwa ngozi ya miguu, mashambani, na tofauti na wengine anaweza kujizalisha upya ndani ya mtu yule yule kwa miongo. Mtu anaishi naye bila dalili, kinga inamshikilia. Prednizoloni ikilegeza kinga, mnyoo anaongezeka kupita kiasi, anatoboa utumbo akiwa na bakteria mgongoni, na mtu anaweza kufa kwa sumu ya damu huku familia ikidhani ni rimatizimu imezidi. Kipimo cha kinyesi cha mara moja kinamkosa mara nyingi. Ombeni kirudiwe kwa siku tofauti, na labo inayojua njia ya Baermann (ya kumtoa mnyoo kwenye kinyesi kwa maji ya uvuguvugu) itumie hiyo. Eosinofili, aina ya chembe nyeupe, zikiwa juu kwenye damu, ongezeni mashaka; zikiwa kawaida, msitulie kabisa. Dawa yake ni ivermektini, ambayo inampiga vizuri kuliko albendazoli, ila mwambieni munganga kama mama aliwahi kuishi kwenye misitu yenye Loa loa (mnyoo wa jicho), maana huko ivermektini inahitaji tahadhari. Na kikohozi cha siku nyingi kichunguzwe kifua kikuu kabla ya hayo yote.

Chakula: sombe, lengalenga, maharage, mashanza akiyapenda, sambaza. Vizuri vyote. Hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya metotreksati, na viungo vya mwili vikishaharibiwa na ugonjwa havirudi.

Umeuliza mwishoni kuhusu yule anayekusanya vinyesi ili vipimwe "ramani ya bakteria" nje ya nchi. Hakuna munganga wa rimatizimu atakayebadilisha dawa kwa karatasi hiyo. Pesa hizo zilipie hesabu ya damu na transaminazi (kipimo cha ini) kabla ya metotreksati na tena wiki chache baada ya kuanza, pamoja na asidi foliki. Metotreksati ni ya mara moja kwa wiki, siku moja, siyo kila siku. Iandikeni siku yenyewe kwenye boksi la dawa, Jumapili au yoyote mtakayoikumbuka, na anayempa awe mtu mmoja tu.